Chai ya Siku ya Themanini na Sita

Kila Jumamosi asubuhi kazi zangu zilikuwa zilezile: kudeki sebule, kuosha vyombo, kufua sare za shule, na kumsikiliza mama akiniambia nitulie. Mimi si mtoto wa kutulia. Nikideki, nadeki kama mtu anayekimbizwa, na pembe za chumba zinabaki na vumbi lake. Nikifua, soksi zinafika kwenye kamba zikiwa bado na povu. Mama husema mguu wangu mmoja ulizaliwa siku moja kabla yangu.

Jumamosi hiyo haraka yangu ilizidi. Saa nane mchana ilikuwa saa ya kumtembelea baba, na kwa mara ya kwanza ningekwenda peke yangu, kwa sababu mama alipangiwa zamu ya mchana. Kazi yake ni kufua mashuka ya hospitali, na mashuka hayajui kama leo ni Jumamosi.

"Uende moja kwa moja, urudi moja kwa moja," aliniambia huku akifunga kilemba. "Na ukifika, heshimu sheria za watu."

"Sawa, mama."

"Nimesema nini?"

"Niheshimu sheria za watu."

"Umerudia tu. Hukusikia," alisema, akachukua mkoba wake akatoka.

Niwaeleze baba alikuwa wapi. Baba yangu ni fundi makochi. Mpe kochi lililobonyea, lenye springi zinazochoma watu, naye atalivua kitambaa, atabadilisha sponji, atalivisha upya mpaka mwenyewe asilitambue. Lakini kwa miaka sita baba alikuwa mlevi. Nasema hivyo bila kupepesa macho kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha kusema hivyo. Alikunywa mpaka mikono ikawa inatetemeka, asiweze kupitisha uzi kwenye tundu la sindano. Aliahidi kuacha, akanywa. Akalia, akaahidi tena, akanywa. Mwisho wake alihamia kwenye nyumba ya wanaume wanaoacha ulevi, mwendo wa dakika kumi kutoka kwetu. Watu wa mtaani huiita soba.

Soba walikuwa wanaume kumi na mmoja katika vyumba vinne. Kila mmoja alikuwa na kitanda chake, zamu yake ya kupika na zamu yake ya kusafisha choo. Sebuleni kulikuwa na ubao mweusi wenye majina ya utani ya wote, na mbele ya kila jina idadi ya siku ambazo mtu huyo hajagusa kilevi. Mbele ya jina Fundi Makochi siku hiyo paliandikwa themanini na sita. Zikifika tisini, baba angerudi nyumbani. Mama alikwisha kukubali. Mimi nilikuwa nahesabu vidole kila nikiamka.

Tatizo lilikuwa kikohozi. Wiki hiyo baba alianza kuyafumua makochi ya soba, makochi ya zamani ambayo ndani yake mlikuwa na vumbi la miaka, na hakufunga hata kitambaa puani. Kifua kikambana. Alipopiga simu siku ya Alhamisi, kati ya neno na neno alikuwa akikohoa kama gari linalokataa kuwaka.

"Muuguzi wetu atakuja Jumatatu," alimwambia mama. "Atanipa dawa."

Jumatatu! Mimi kusubiri mpaka Jumatatu ni kama kumwambia samaki asubiri maji. Na dawa ilikuwepo nyumbani, kwenye kabati la juu, nusu chupa aliyobakiza mama alipougua kikohozi. Ilikuwa nzito, ya rangi ya kahawia, na ilimponya mama kwa siku mbili. Sheria ya soba niliijua. Iliandikwa kwa herufi kubwa ukutani getini: chakula na chai ruhusa, lakini dawa yoyote ikabidhiwe msimamizi, akaifungie kabatini mpaka muuguzi aione. Mgeni atakayepitisha dawa au kilevi kwa siri, haingii tena.

Nikajiambia kwamba sheria ile ni ya watu wabaya wenye nia mbaya. Mimi nilikuwa namtibu baba yangu. Basi nikachemsha chai ya tangawizi, nikaitia asali, nikaimimina kwenye chupa ya chai, halafu nikapanda kwenye stuli, nikaitoa ile dawa na kumimina yote ndani. Nikatikisa. Nikaionja kwa ncha ya ulimi. Tangawizi ilikuwa kali, ikafunika kila kitu.

Getini nilimkuta Redio. Hilo lilikuwa jina lake la utani, na ukikaa naye dakika mbili huulizi kwa nini.

"Karibu, binti Makochi! Leo peke yako? Mama hajambo? Shule je? Umeleta nini, mbona baba zako wadogo hatuletewi?"

"Shikamoo. Nimeleta chai tu."

"Marahaba. Chai tu!" Alifungua kifuniko, akanusa, akajifanya anazimia kwa ukali wa tangawizi. "Hii itamfufua maiti. Pita."

Baba nilimkuta ameketi sakafuni katikati ya mifupa ya makochi, chaki sikioni, anapima kitambaa. Aliponiona alisimama haraka, na mikono yake aliyoninyooshea haikutetemeka hata kidogo. Nilimimina kikombe cha kwanza, akanywa. Cha pili, akanywa. Kwa saa nzima alikohoa mara tatu tu. Nilijiona daktari bingwa. Alinionyesha jinsi ya kukunja pembe ya kitambaa isiote kibonge, nami nikaikunja mbiombio, ikaota kibonge, tukacheka. Alimaliza chai yote. Nikaisuuza chupa bombani kama mama alivyonifunza, nikaiweka kwenye kikapu.

Saa kumi kasoro robo msimamizi alipiga makofi. Alikuwa mzee mwembamba mwenye miaka kumi na minne bila kilevi, na kwa sababu alitembea na fungu la funguo kiunoni walimwita Mzee Funguo. Kila Jumamosi, kabla wageni hawajaondoka, wanaume wote walipanga mstari wakapuliza kwenye kifaa kidogo chenye mrija. Taa ya kijani, umepita. Taa nyekundu, una kilevi mwilini. Walipuliza kwa utani. Redio alipuliza akasema hata kifaa kimechoka kumsikia, na watu wakacheka.

Baba akapuliza. Taa ikawa nyekundu.

Kicheko kilikatika. Mzee Funguo akabadilisha mrija, akamwambia asukutue kwa maji, wakasubiri kidogo, akapuliza tena. Nyekundu.

"Fundi," alisema Mzee Funguo kwa upole, "umekunywa nini leo?"

"Sijanywa! Wallahi sijanywa. Sijatoka hata getini. Nimekunywa maji, uji, na chai ya mwanangu."

Macho yote yakahamia kwangu. Mzee Funguo akaichukua chupa ya chai, akaifungua, akanusa. Ilikuwa imesuuzwa, inanukia tangawizi kwa mbali.

"Mjukuu wangu, chai hii ulitia nini?"

Ningeweza kusema. Neno lenyewe lilikuwa mdomoni. Lakini niliona ule ukuta wenye herufi kubwa, nikaona baba akianza siku tisini upya na Jumamosi zake zote nikiwa nje ya geti, na sikujua bado kama dawa ya kikohozi inaweza kuwasha taa nyekundu. Dawa ni dawa, nilifikiri, kilevi ni kilevi.

"Tangawizi na asali," nilisema.

Baba alinitazama kama mtu anayetegemea jambo zaidi. Halafu akaangalia mikono yake mwenyewe, akaigeuzageuza. "Sijui," alisema polepole. "Sijui imekuwaje."

Sheria ya nyumba ile ilikuwa kwamba namba yako unaifuta mwenyewe. Hakuna anayekufutia. Baba akachukua kitambaa chenye maji, akafuta themanini na sita, akaandika sifuri. Kwa kuwa amezoea kuchora vitambaa kwa chaki, sifuri yake ilikuwa duara safi kabisa. Mimi nilichukua kikapu changu nikaondoka bila kumuaga vizuri.

Njia nzima nilikimbia. Nilipofika nyumbani nilipanda kwenye stuli, nikaitoa ile chupa tupu ya dawa na kuisoma. Maandishi yalikuwa madogo kama sisimizi. Nikasoma mstari mmoja, nikausoma tena. Ndani ya dawa ile mlikuwa na kilevi, na chini yake paliandikwa onyo: asipewe mtu anayeacha pombe.

Nikairudisha chupa. Nikaitoa. Nikaificha chini ya godoro. Nikaona pale si salama, nikaihamishia kwenye mkoba wa shule. Nilifagia uwanja uliokuwa umefagiliwa. Mama aliporudi jioni simu iliita kabla hajavua viatu, na sauti yake nikaisikia kupitia ukuta.

"Kwamba hujui? Taa imewaka yenyewe? Miaka sita nimesikiliza hujui zako! Zimebaki siku nne, siku nne tu, ukashindwa... Usiniapie. Usiniapie tena mimi."

Alikata simu. Hakulia, na hilo lilinitisha zaidi. Chakula alikipakua, hakukila. Mimi nilikaa, nikasimama, nikaenda kunywa maji ambayo sikuyataka. Mara tatu nilifungua mdomo, na mara tatu nikauliza jambo jingine: kesho tutafua nini, chumvi ipo, mama mkubwa atakuja lini. Usiku ule niligeuka kitandani mpaka shuka likajikunja likawa kamba. Nilikuwa najua kwamba baba hakunywa. Ulimwengu mzima, mtu aliyejua alikuwa mimi peke yangu. Hata baba mwenyewe hakujua.

Asubuhi ya Jumapili nilimkuta mama ameinama juu ya mfuko mkubwa, anapanga nguo za baba ndani yake. Shati la kijani. Suruali ya sikukuu. Kofia.

"Unazipeleka wapi, mama?"

"Nampelekea mwenyewe. Akitoka kule atafute pa kwenda. Mimi moyo wangu umekwisha."

Aliposhika koti la baba la kazini, lile lenye mifuko ya sindano, nilishindwa. Niliusikia mdomo wangu ukianza kabla sijauruhusu.

"Mama, baba hakunywa. Ni mimi. Ile dawa yako ya kikohozi niliitia kwenye chai. Ina kilevi. Imeandikwa. Nilijua tangu jana jioni."

Nikampa chupa. Mama aliisogeza karibu na macho, akasoma, midomo ikicheza. Kisha akaketi juu ya ule mfuko wa nguo. Nilisubiri kofi. Halikuja.

"Tangu jana jioni," alirudia. "Na ulikaa hapa ukanisikia nikimwambia yote yale."

"Niliogopa hawataniruhusu tena kuingia."

Mama alisimama, akaunyanyua ule mfuko bila kufikiri. "Vaa viatu."

Tulitembea haraka, safari hii hata mimi nikibaki nyuma. Geti la soba huwa halifungwi kwa ndani, kwa sababu hakuna anayezuiwa kwa nguvu. Anayetaka kuondoka huondoka. Na pale getini tulimkuta baba. Amevaa viatu, begi liko begani. Redio alikuwa amesimama mbele yake, mikono imetanuka, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alikuwa hasemi kitu.

Baba alipotuona aliinamisha kichwa. "Mmekuja kuleta nguo," alisema.

"Rudi ndani," mama alimwambia. "Huyu mtoto ana neno."

Waliitwa wote. Sebuleni makochi yalikuwa bado uchi, mbao tupu, hivyo wanaume wakaketi kwenye ndoo, kwenye viti vya jikoni na sakafuni. Nyuso kumi na mbili zikanitazama. Miguu ilitaka kukimbia, nikaikanyaga mmoja kwa mwingine. Nikasema yote: kabati, stuli, tangawizi, bomba, na yale maneno mawili ya asali na tangawizi ambayo yalikuwa kweli na bado yalikuwa uongo. Nikamkabidhi Mzee Funguo chupa. Aliisoma kwa sauti, mpaka kwenye onyo.

Redio ndiye aliyeanza. "Na mimi niliinusa," alisema, "nikafanya mzaha. Na mimi nina sehemu yangu."

Lakini mimi nilikuwa namtazama baba. Alikuwa amekaa na begi mapajani, amelikumbatia. Nilidhani atafurahi. Badala yake mabega yake yalianza kutikisika.

"Mwanangu," alisema, "sikukasirikii. Ila lazima nikwambie jambo, na wenzangu wasikie. Usiku kucha nilijiuliza kama nimekunywa nikasahau. Zamani niliwahi kunywa nikasahau. Asubuhi nikasema, kama namba ni sifuri, kama mke wangu ameshanihesabu mlevi, basi bora niwe mlevi kweli. Nilikuwa najua ninakokwenda. Duka la pombe la pale kona hufungua saa tatu." Alitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa tatu na dakika tano. "Mngechelewa kidogo tu, msingenikuta."

Hapo ndipo nilipolia. Nililia kwa sauti, mbele za watu, na sikujali. Baba aliliweka begi chini akanivuta kwake, na kifuani mwake nilisikia kile kikohozi bado kinakoroma.

Wanaume walishauriana, na haikuwachukua muda. Redio aliandika themanini na saba kwenye ubao kwa mwandiko mbaya ajabu. Lakini baba aliinua mkono.

"Namba nimeipokea, nashukuru. Ila naomba nisitoke siku ya tisini. Naomba niongezewe mwezi. Kama taa moja ya uongo imenivalisha viatu, bado sijakomaa kukutana na mambo ya nje."

Mzee Funguo alikubali, kisha akanigeukia mimi. Funguo zililia kiunoni alipokuwa anachuchumaa ili macho yetu yalingane.

"Mjukuu wangu, nisikilize. Kumhurumia baba yako hukukosea. Ulikosea kumficha. Mtu anayeacha ulevi anatakiwa ajue kila kinachoingia mdomoni mwake, ndiyo maana tuna kabati na muuguzi. Dawa iliyomponya mama inaweza kumwangusha baba. Dawa haigawiwi kwa huruma, inagawiwa na anayeijua. Ulipomtilia kwa siri, ulimfunga macho ukamwambia atembee. Hilo moja."

Aliinua kidole cha pili.

"La pili ni zito zaidi. Jana saa kumi kasoro nilikuuliza. Ukweli ulikuwa nao mfukoni. Uliuhifadhi ili usikose Jumamosi zako, na usiku mmoja huo ungemgharimu baba yako miaka. Lakini leo umeutoa mbele ya wanaume kumi na wawili, na wengi wetu hapa tulihitaji kufika miaka arobaini ndipo tuweze. Kwa hiyo nakupongeza. Na sheria ya getini bado iko palepale. Kwa kuwa umesema mwenyewe, hatutakufungia daima, lakini hutaingia hapa mwezi mzima."

Nilimtazama baba aniombee. Baba akatikisa kichwa. "Sheria ni sheria, mama," aliniambia; huniita hivyo akiwa ananipenda sana. "Mimi nasubiri mwezi, nawe unasubiri mwezi. Tutasubiri wote."

Tulitoka. Mama alikuwa amebeba ule mfuko wa nguo ambao hakuna aliyekumbuka kuufungua. Tulivuka barabara, tukapita duka la pombe la kona, milango wazi, muziki umeanza. Hatua chache mbele mama alisimama.

"Jana kwenye simu nilimwambia nini baba yako? Ulisikia?"

"Nilisikia."

"Basi nami nina deni la maneno." Alinitwika mfuko. "Wewe huruhusiwi kuingia. Kaa hapo nje, usiondoke."

Tulirudi hadi getini. Yeye akaingia, mimi nikakaa juu ya mfuko wa nguo kando ya barabara. Nilihesabu matofali ya ukuta, nikayamaliza, nikayahesabu tena. Nikafunga kamba za viatu ambazo hazikufunguka. Alikaa sana kule ndani.

Alipotoka, macho yalikuwa mekundu na paji la uso limelowa, kama ametoka kwenye mvuke wa kufulia. Alijifuta kwa ncha ya kilemba, akauchukua mfuko, akanishika mkono.

"Umri wangu wote huu," alisema, "na kusema nimekosa bado kunanitoa jasho. Afadhali wewe umeanza ukiwa na miaka kumi na miwili."